Gari Linalokataa Kulala

Najua nimepotea. Kuna walioniuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimepata kazi Ulaya. Wapi! Niko hapa hapa Kawangware, na kilichonipoteza ni gari. Kwa hiyo leo hakuna habari za seva wala za lugha za programu. Leo ni habari za betri, nyaya na kisanduku kilicho chini ya kiti. Wasiopenda magari wanivumilie, maana kosa lenyewe ni la aina tunayoijua sote tunaoandika programu: lile linaloonekana kwenye mashine moja na kukataa kabisa kuonekana kwenye nyingine.

Gari lenyewe ni Range Rover ya mwaka 1999, kizazi cha pili, kile ambacho wapenzi wake hukiita P38. Kilitengenezwa Uingereza kuanzia 1994 hadi 2001. Injini yangu ni V8 ya lita 4.6, na tafadhali msiniulize inakunywa kiasi gani. Siku zake lilikuwa gari la mabalozi na wakurugenzi. Siku hizi ukiliona hapa Nairobi, mara nyingi limekalishwa juu ya mawe chini ya mti na kuku wametaga ndani. Nililinunua mwaka 2022 kwa mzee mmoja mstaafu, kwa bei ya Vitz iliyochoka. Kila mtu alinicheka.

Sababu ya kulinunua ni mama yangu. Anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na lazima tuwe hospitalini saa kumi na mbili asubuhi. Magoti yake hayakubali tena kupanda matatu, na gari dogo la chini humlazimu kujikunja mpaka apumue kwa shida. Sasa Range hii haina springi za chuma. Imekaa juu ya mifuko minne ya hewa. Ukibonyeza kitufe kwenye dashibodi hewa inatoka, gari zima linashuka, linapiga magoti kama ngamia, mama anaingia, kisha linainuka. Siku ya kwanza alipoliona likishuka alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Hili lina adabu kuwashinda nyinyi." Tangu siku hiyo habari ya kuliuza ilikufa.

Adabu hiyo ina gharama yake. Magari tuliyokulia yalikuwa na swichi, waya na taa. Taa isipowaka unafuata waya mpaka ufike palipokatika. Hili mambo yake ni mengine. Ukibonyeza swichi ya kioo cha mlango, swichi haipeleki umeme kwenye mota ya kioo. Inapeleka ombi tu, kwa kompyuta inayoitwa BeCM, iliyo chini ya kiti cha mbele cha kulia, ambacho kwetu ni cha dereva. BeCM ndiyo inayoamua. Vioo, vitasa, taa, waipa, viti, king'ora, hata maneno yanayotokea kwenye dashibodi, vyote vinapitia kwake. Mifuko ya hewa ina kompyuta yake, injini ina yake, kiyoyozi nacho kina yake. Ukimwaga soda kwenye kiti cha dereva umemwaga soda kwenye seva kuu.

Na kumbukeni, programu iliyo ndani ya kisanduku hicho iliandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wengi wetu hatujawahi kushika kipanya. Bado inafanya kazi kila siku. (Hapo hujiuliza ni programu gani niliyoandika mimi itakayokuwa hai baada ya miaka 30. Jibu silipendi.)

Jambo jingine la kuelewa: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo P38 ya mwisho ilifungiwa mlango yapata mwaka 2010. Zilizopo ndizo hizo hizo, zinazeeka hapa hapa, na kila moja inayokufa inakuwa duka la spea la zilizobaki.

Haya, tuje kwenye kosa.

Lilianza Januari 2024. Jumanne moja, saa kumi na moja kasoro alfajiri, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikafungua kwa ufunguo. Hata taa ya ndani haikuwaka. Jirani yangu mwenye Probox alikuwa anatoka kwenda kazini, akasema, "Ingieni niwapeleke." Nikamwambia hapana, nipe nyaya tu tuliamshe, dakika tano. Hiyo "dakika tano" mnaijua.

Tukaunganisha betri kwa betri. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kitabu cha gari kinalisema nami sikuwahi kulisoma: betri ikifa kabisa halafu umeme ukarudi, kompyuta inaamka ikidhani kuna mwizi. King'ora kikalia, mtaa mzima ukaamka. Kwenye dashibodi yakatokea maneno ENGINE DISABLED, yaani injini imezuiwa. Dawa yake ni namba ya siri ya tarakimu nne, nayo huingizwi kwa vitufe. Inaingizwa kwa kuzungusha ufunguo kwenye mlango wa dereva! Mara kadhaa huku, mara kadhaa kule, kwa hesabu, kama mtu anayefungua kasha la benki kwenye sinema. Kadi ya namba nilikuwa nayo, yule mstaafu alikuwa ameitunza vizuri. Nikazungusha. Wapi. Ukikosea mara kadhaa gari linakufungia nje, unangoja, unaanza upya. Nikangoja, nikaanza upya. Jirani akaenda zake, akarudi baadaye kunichungulia, akanikuta bado nazungusha.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amevaa koti, mkoba mapajani, hasemi kitu.

Mwishowe ni huyo huyo jirani aliyetupeleka. Tulifika saa mbili na nusu. Mashine yake ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine, na ilikuwa haki, nani angengoja? Aliunganishwa alasiri. Jioni miguu ilikuwa imevimba. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Yaliyofuata nayasema kwa aibu. Nilienda Kirinyaga Road nikanunua betri mpya ya ampea-saa 90, shilingi 24,000. Wiki mbili mambo yakawa mazuri, kisha Jumanne moja ikafa. Karakana moja, jina nalihifadhi, ikaniambia ni alteneta. Nikalipa 45,000 bila hata kuuliza wamejuaje. Jumanne iliyofuata ikafa tena. Luthuli Avenue nikanunua kile kidude cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Soketi ile ililazimishwa kwa magari mapya Marekani mwaka 1996, na kwa ya petroli Ulaya mwaka 2001, lakini sheria ilihusu injini na moshi wake tu. Injini ikajibu kwamba haina kosa lolote. BeCM ina lugha yake, na kidude hakiijui.

Kwa hiyo nilikuwa nimetumia karibu shilingi 70,000 na hakuna mtu aliyepima chochote. Na mimi ndiye ninayewafokea vijana kazini wakianza kubadilisha msimbo kabla hawajasoma rekodi za makosa! Kila Jumatatu usiku nikawa nachomeka chaja, waya ukipita dirishani hadi kwenye boneti. Stima ikipotea usiku huo, mimi silali.

Ni jirani wa Probox tena aliyenipeleka Kibera. Alisema kuna mzee mmoja upande wa Makina, si mbali na Soko la Toi, fundi wa waya. Mzee wa Kinubi. Babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, kama walivyokuwa wengi wa Wanubi waliokalishwa Kibera mwanzoni mwa karne iliyopita. Yeye mwenyewe alianza na redio, akaingia kwenye magari redio zilipokuwa rahisi kununua kuliko kutengeneza. Kibanda chake ni cha mabati. Ndani mna meza, betri zilizopangwa ukutani, makopo ya skrubu, na chuma cha kulehemu cha aina ya zamani, kile kinachopashwa moto kwenye jiko la makaa. Cha umeme anacho pia, lakini kile cha makaa hakingoji tokeni.

Sikumpelekea habari ya betri. Kwa kiburi changu nilimpelekea kitasa tu, maana nilitaka siku nyingine ile namba ya siri ikubali. Alifungua mlango wa dereva, akatoa kitasa, akanionyesha viswichi vidogo ndani yake vinavyohesabu mizunguko ya ufunguo. Miaka 25 ya kufunga na kufungua ilikuwa imeua kimoja. Nilipozungusha upande mmoja gari lilisikia, nilipozungusha upande wa pili halikusikia kitu. Yaani Jumanne ile yote namba yangu ilikuwa sahihi! Akasema gari libaki, kiswichi cha kipimo hicho hakipatikani siku moja. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Jumanne asubuhi tukaenda na Probox, na alasiri nikafuata gari.

Likawaka kwa nusu mzunguko. Siku nne limelala, hakuna chaja, likawaka kama jipya.

Nilipaswa kufurahi. Lakini mtu aliyewahi kuandika programu anajua kwamba kosa likitoweka bila kurekebishwa, limeenda kujificha tu. Nikalirudisha nyumbani, nikaacha kulichaji kwa makusudi, Probox ikiwa imeshikiliwa kwa tahadhari. Jumanne ikafika: limekufa. (Namba ya siri ikakubali mara ya kwanza, angalau hilo.) Ijumaa nikalirudisha Makina nikamwomba mzee akae nalo tena hadi Jumanne, asiguse kitu. Likawaka.

Kwa hiyo Kibera ni zima, Kawangware limekufa. Nimewahi kuwaambia wateja maneno yale, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Sikuwahi kuyasikia nikiwa upande wa pili.

Mzee hakucheka. Alitoa mita yake, ile ya manjano ya bei ya chini ambayo kila fundi anayo, nyaya zake zimefungwa kwa selotepu, na akaanza kupima umeme unaotoka kwenye betri gari likiwa limefungwa. Naeleza alivyofanya, maana wengi hukosea hapa. Ukichomoa tu waya wa betri ili kuingiza mita katikati, kompyuta zote zinazimika na kuwaka upya, na unachopima si kile ulichokuja kupima. Yeye aliunganisha kwanza waya wa pembeni kati ya nguzo hasi ya betri na kebo yake, ndipo akalegeza kebo, akaweka mita, na mwisho akatoa ule waya wa pembeni. Gari halikujua kwamba umeme wake sasa unapita kwenye mita. Kabla ya hapo alikuwa amesukuma kitasa cha boneti kwa bisibisi kikajifunga, ili gari liamini boneti imefungwa. Akanionya nisifungue mlango, maana mzigo ukipanda ghafla mita inaungua.

Gari lilipofungwa mita ilisoma ampea moja na ushee. Baada ya kama dakika mbili ikaanguka hadi 0.03. BeCM imelala. Miliampea 30. Tukanywa chai, tukaangalia. Saa nzima, 0.03.

"Unaliegesha wapi nyumbani?" akauliza.

Nikamweleza. Ninakaa pale Kawangware inapopakana na Lavington. Upande wetu ni vyumba vya kupanga na maduka ya mabati, upande wa pili ni nyumba za ghorofa zenye bustani, na kinachotutenganisha ni ukuta. Mimi naegesha chini ya ukuta huo kwa sababu kuna kivuli.

"Jumamosi jioni nitakuja," akasema.

Alikuja na mita kwenye mfuko wa karatasi, kwa matatu. Tukarudia yale yale. Ampea moja, dakika mbili, 0.03. Nikaanza kuona aibu kwamba nimemleta bure. Kisha mita ikaruka: ampea moja. Hakuna aliyeligusa gari. Dakika mbili, ikashuka. Dakika tatu, ikaruka tena.

Mimi tayari nilikuwa nimefungua kompyuta yangu. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana: kidude kidogo cha kurekodi mkondo wa umeme kila sekunde usiku kucha, kisha grafu, kisha ningelinganisha na saa. Mzee alikuwa ameinua kichwa anasikiliza. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na sauti ya chuma kikiburuzika kwenye reli. Mita ikaruka. Akaondoka bila kusema neno, akazunguka ukuta, akamsalimia askari wa zamu, wakauliziana habari za nyumbani kwa muda mrefu kidogo (nilikuwa nimemfuata, roho juu), ndipo akauliza, "Geti hili mlikuwa mkilifungua kwa mkono zamani?"

"Kwa mkono, mzee. Hii ya rimoti imewekwa Krismasi."

Krismasi ya 2023. Betri yangu ya kwanza ilikufa Januari.

"Gari lako haliumwi, kijana," mzee akaniambia tukirudi. "Linaamshwa."

Nilikuwa nimeuliza maswali yote isipokuwa lile la kwanza tunalouliza kazini kitu kikiharibika ghafla: kimebadilika nini? Na hata ningeliuliza, ningeangalia ndani ya gari.

Sasa maelezo. Rimoti za magari mengi ya soko la Ulaya, pamoja na hili langu, hutumia masafa ya megahezi 433.92. Masafa hayo yako wazi kwa vifaa vidogo, hauhitaji leseni, kwa hiyo kila mtu yuko hapo: mageti, kengele za milango zisizo na waya, sensa za ving'ora, vipima hali ya hewa vya nyumbani. Nyuma ya gari, ndani ya kava za pembeni mwa buti, kuna kipokezi kidogo kinachosikiliza mchana na usiku. Kikisikia chochote kinachofanana na rimoti kinaiamsha BeCM: njoo usikilize, huyu ni wetu? BeCM inaamka, inawasha kila kitu chake, inachunguza, inakuta si ufunguo wetu, inakaa macho dakika mbili hivi kisha inalala tena. Halafu mtu mwingine anarudi nyumbani na gari lake, geti linafunguka, na kazi inaanza upya. Mlango haufunguki kamwe, kwa hiyo usalama upo. Usingizi ndio haupo.

Siwalaumu walioibuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hewa ya 433 ilikuwa karibu tupu. Wenye P38 huko Uingereza walikutana na jambo hili miaka mingi kabla yangu, vifaa vilipoanza kujaa majumbani, na watengenezaji wenyewe wakaja kutoa kipokezi kipya kisichoamshwa ovyo.

Hesabu nayo ikakubali. Kutoka Ijumaa saa tisa alasiri hadi Jumanne saa kumi na moja alfajiri ni saa 86. Likikaa macho nusu tu ya muda huo, kwa ampea moja, ni ampea-saa 43. Betri iliyokwisha kuzimika mara tatu nne haina tena zile 90 zilizoandikwa ubavuni, na V8 ya lita 4.6 haiamki kwa huruma. Kutoka Jumanne alasiri hadi Ijumaa alfajiri ni saa 62, ampea-saa 31, inaponea chupuchupu. Ndiyo maana nilikuwa nakwama Jumanne na si Ijumaa! Likilala sawasawa, saa 86 hula ampea-saa mbili na nusu tu.

Kwa sababu mimi ni mimi, wiki ile nilinunua kipokezi cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta, nikakiweka kwenye 433.92 nikiwa nimekaa chini ya ukuta. Skrini ilijaa. Geti, kengele, geti, kitu kingine, geti. Kisha nikaenda nacho Makina nikakaa nje ya kibanda cha mzee saa nzima. Karibu kimya kabisa. Kwenye vichochoro vile mlango hufunguliwa kwa mkono na kufungwa kwa kufuli. Watoto walikuja kuangalia skrini, hawakuona cha maana, wakarudi kwenye mpira wao.

Matengenezo yenyewe yalichukua dakika 15. Tulifungua kava ya buti tukachomoa kipokezi. Basi. Rimoti haifanyi kazi tena, nafunga na kufungua kwa ufunguo kama watu wa zamani. Mzee alinitoza shilingi 3,000, kitasa na nauli ya matatu ndani yake. Kile kipokezi kipya nimekwisha kukipata, kimetumika, kilikuja na mtu kutoka Uingereza, kiko kwenye droo. Sijakifunga. Kila nikitaka kukifunga nakumbuka kile kiti cha plastiki mlangoni.

Kwa wale watakaoniuliza kuhusu ile mifuko ya hewa: ndiyo, nayo ilinisumbua, Julai mwaka huo huo. Dashibodi ikaandika EAS FAULT na gari likashuka likakaa chini kabisa, safari ikawa kama ya mkokoteni. Mzee alipaka maji ya sabuni kwenye kisanduku cha vali kilicho chini ya boneti, mapovu yakatuonyesha. Zile pete za mpira ndani yake zilikuwa zimekauka zikivujisha hewa, na kompresa ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika kufidia. Pete ni kitu cha bei ndogo. Tulizibadilisha zote, hewa ikakaa, lakini ujumbe ukabaki pale pale na gari likagoma kuinuka. Kompyuta ya mifuko ikishaandika kosa zito hailifuti yenyewe, hata kama kosa limekwisha. Ni kama askari aliyeambiwa asimruhusu mtu na bosi akasafiri.

Hapa angalau nilikuwa na faida. Kuna programu ya bure iliyoandikwa na mpenzi mmoja wa magari haya kwa ajili ya kufuta kosa hilo hilo tu, inatumia kebo ya siriali ya zamani. Nilikuwa na laptopu kuukuu yenye tundu lile la pini tisa, ambayo mke wangu amekuwa akiniambia niitupe tangu tuoane. Kebo tuliitengeneza kibandani. Stima ilikuwa imepotea, mimi nashika tochi ya simu nikisoma namba za pini, mzee analehemu kwa chuma cha makaa, anapuliza, ananiuliza, "Ya nne ni ardhi? Una hakika?" Nilikuwa na hakika. Nikasoma tena hata hivyo. Tukachomeka, nikabonyeza, kosa likafutika, nikawasha injini. Kompresa ikanguruma kidogo, kisha gari likainuka, nyuma kwanza halafu mbele. Mzee akasema ngamia naye huinuka hivyo hivyo. Mama alipoelezwa alisema hilo alilijua siku nyingi.

Tangu hapo hatujakosa hata Jumanne moja.

Jana asubuhi, lakini, kwenye kidirisha cha kiyoyozi imewaka alama ndogo ya kitabu. Ndiyo namna ya gari hili ya kusema nenda kasome. Nimempigia mzee simu. Akauliza kimebadilika nini. Nikamwambia hakuna, isipokuwa Jumamosi nilisafisha dashibodi, kwa kitambaa na maji kidogo. Akanyamaza.

"Maji kidogo kiasi gani?"

Nampelekea Jumatano, mama akishapumzika. Amesema nisiguse kitu.